Hisa za kampuni changa ya dhahabu: namna ya kuzipima kabla hujatoa pesa

Kampuni changa ya kutafuta dhahabu haina mgodi, haina dhahabu ya kuuza wala mapato. Ilichonacho ni leseni ya eneo, wanajiolojia wachache, na pesa iliyochangishwa kwa kuuza hisa. Pesa hiyo ikimalizika, inauza hisa nyengine. Kwa hivyo ukinunua hisa yake hujanunua dhahabu. Umenunua uwezekano wa kampuni kupata jibu zuri ardhini kabla mfuko haujakauka, na kabla fungu lako halijamegwa na hisa mpya likawa si lolote.

Unguja na Pemba hakuna mwamba wa dhahabu. Visiwa vyetu ni matumbawe na mashapo, na dhahabu ya Tanzania imo kwenye miamba ya kale sana ya Bara: Geita, Bulyanhulu, North Mara, Lupa kule Chunya. Hisa zake lakini zinatufikia. Zinakuja kwa kundi la WhatsApp, kwa ndugu aliyeko Muscat au London mwenye akaunti kwa dalali, au kwa kijana aliyejifungulia akaunti kwenye simu. Na karibu kila mara zinakuja na tangazo moja la uchorongaji (kutoboa mwamba ili kutafuta dhahabu) lenye namba kubwa, na mtu anayesema bei itapanda wiki ijayo.

Namba hiyo iache kwanza. Anza na idadi ya hisa na pesa iliyomo benki, kwa sababu hapo ndipo kampuni nyingi zinapowaumiza wenye hisa hata pale mawe yanapokuwa mazuri. Ukaguzi wenyewe ni wa nusu saa tu ukishazoea nyaraka.

Kabla ya hatua ya kwanza: nani ndiye mwenye hisa?

Mkaazi wa Tanzania anayetaka kununua hisa nje anaguswa na kanuni za fedha za kigeni za Benki Kuu. Muulize ofisa wa benki yako kwa maandishi, na jibu lake liwe la maandishi, kabla hujatuma chochote.

Wengi hukwepa usumbufu huo kwa kumpelekea pesa ndugu aliye nje anunue kwa jina lake. Hapo kuna tatizo ambalo halihusiani na dhahabu. Hisa zilizosajiliwa kwa jina la ndugu, kisheria ni za ndugu. Akifariki zinaingia kwenye mirathi yake na kugaiwa warithi wake, nawe unabaki mtu wa kudai mbele ya watu ambao pengine hawajawahi kusikia habari yako. Kama hakuna njia nyengine, andikeni hati yenye jina la kampuni, idadi ya hisa, bei na tarehe, isainiwe na mashahidi wawili, na kila mmoja abaki na nakala. Undugu hauvunjwi na karatasi. Unavunjwa na kukosekana kwake.

Hatua ya 1: Pata nyaraka zenyewe, si picha zake

Kampuni changa nyingi za dhahabu, hata zile zinazofanya kazi Tanzania, haziko Soko la Hisa la Dar es Salaam. Utazikuta TSX Venture nchini Kanada, ASX ya Australia, au AIM ya London.

Kampuni ya Kanada huweka kila kitu kwenye tovuti ya SEDAR+, bure. Pakua vinne: taarifa ya fedha ya robo mwaka ya karibuni, maelezo ya menejimenti yanayoandamana nayo, ripoti ya kiufundi iliyoandikwa kwa kanuni ya NI 43-101, na waraka wa mkutano mkuu wa mwaka, ambao ndani yake mna mishahara ya wakubwa na hisa wanazomiliki. Ya Australia matangazo yake yote yako kwenye tovuti ya ASX, na unachokitafuta zaidi ni fomu ya robo mwaka iitwayo Appendix 5B. Ya London inalazimika na Kanuni ya 26 ya AIM kuweka kwenye tovuti yake wenye hisa wakubwa na idadi kamili ya hisa.

Slaidi zenye picha ya mtambo na machweo ni tangazo la biashara. Zitazame mwisho, ukitaka.

Na kama kampuni haimo kwenye soko lolote, na "hisa" zinauzwa kwa kurusha pesa kwenye namba ya simu, huna haja ya kuendelea na hatua ya pili.

Hatua ya 2: Hesabu hisa zote, pamoja na zisizozaliwa bado

Tuchukue mfano wa kubuni. Kampuni ina hisa milioni 180 sokoni na bei ni senti 12 za dola. Thamani yake ni dola milioni 21.6. Hiyo ndiyo namba utakayoiona kwenye simu.

Sasa fungua maelezo ya taarifa ya fedha, sehemu ya mtaji wa hisa. Utakuta waranti milioni 60, yaani haki walizopewa walionunua hisa mpya mwaka jana kununua nyengine kwa senti 15. Utakuta na opsheni milioni 15, haki za namna hiyo hiyo walizopewa wakurugenzi na wafanyakazi. Jumla ni hisa milioni 255, na kwa bei ile ile thamani ni dola milioni 30.6.

Hizi waranti hufanya kazi mbili mbaya. Ya kwanza ni kupunguza fungu lako. Ya pili wengi hawaioni: zinakuwa dari ya bei. Habari njema ikiipeleka hisa juu ya senti 15, wenye waranti huuza hisa walizonazo ili wapate pesa ya kulipia waranti, na bei inarudi chini bila ya kosa lolote la mwamba.

Andika tarehe pia. Kanada, hisa zilizouzwa faraghani kwa kawaida hufungwa miezi minne na siku moja kabla ya kuruhusiwa sokoni. Kama kampuni iliuza hisa milioni 60 kwa senti 10 tarehe 3 Machi, mwanzoni mwa Julai kuna watu wenye hisa za senti 10 walio huru kuuza, na mkononi bado wana waranti walizopewa bure. Usinunue wiki mbili kabla ya siku hiyo.

Kisha linganisha idadi ya hisa kwa miaka mitano nyuma. Kuongezeka si dhambi, maana kampuni isiyo na mapato haina njia nyengine. Swali ni zimenunua nini. Zilipotoka milioni 60 kufika milioni 180, wakia za dhahabu kwenye ripoti nazo ziliongezeka mara tatu? Ukiona idadi imeshuka ghafla, mfano kutoka milioni 400 hadi milioni 40, hisa kumi ziliunganishwa kuwa moja. Ni ishara kuwa wenye hisa wa zamani walikwisha kulimwa mara moja, na mara nyingi uongozi ni ule ule.

Hatua ya 3: Pesa itadumu mpaka mwezi gani?

Chukua pesa taslimu, toa madeni ya muda mfupi, gawa kwa matumizi ya mwezi. Kampuni yetu ina dola milioni 2.4 benki, inadaiwa laki 6, na kila mwezi inatumia laki 3. Imebaki milioni 1.8, yaani miezi sita. Kampuni haingoji ifike sifuri; ikibaki ya miezi mitatu huenda kuuza hisa tena. Kwa hivyo mnunuzi wa leo ana robo mwaka tu kabla ya hisa mpya, na hisa hizo kwa kawaida zitauzwa chini ya bei ya soko. Kwenye Appendix 5B huna haja hata ya kugawa: sehemu ya 8 inaonyesha pesa itatosha robo ngapi, na ikiwa ni chini ya mbili kampuni inatakiwa ieleze itapata wapi nyengine.

Angalia na pesa inakwenda wapi. Gawa matumizi mafungu mawili: yaliyoingia ardhini, na yaliyoishia kwenye mishahara, ofisi, safari na matangazo. Fungu la pili likizidi la kwanza kwa miaka miwili mfululizo, hiyo ni kampuni ya kulipa mishahara ambayo kwa bahati ina leseni.

Mwisho, pima ahadi kwa mfuko. Mita moja ya kuchoronga mwamba mgumu, ukijumlisha kambi, usafiri na uchambuzi wa maabara, hugharimu takriban dola 150 hadi 300. Kampuni ikitangaza mpango wa mita 20,000 na benki ina milioni 2.4, kwa dola 200 kwa mita inahitaji milioni 4. Imetangaza uchorongaji na kuuza hisa kwa pamoja, ila la pili halikusemwa.

Hatua ya 4: Watu

Hapa usikae sana. Mambo matatu: mwanajiolojia mkuu amewahi kupeleka mradi hadi ukauzwa au ukawa mgodi? Mkurugenzi mkuu anaongoza kampuni ngapi kwa wakati mmoja? Wakubwa wamenunua hisa kwa pesa zao sokoni, au wanazo za opsheni tu? Kwa Kanada, la tatu linaonekana kwenye tovuti ya SEDI kwa jina na tarehe.

Hatua ya 5: Sasa soma tangazo la uchorongaji

Ni hapa pesa za watu hupotea kwa kusoma haraka.

Kwanza jua sampuli imetokana na nini. Mawe yaliyookotwa juu ya ardhi yanaweza kutoa gramu 40 kwa tani na yasiwe na maana yoyote, kwa sababu mwanajiolojia huokota jiwe lenye dalili. Ni sawa na kulipima gunia la karafuu kwa konzi ya juu aliyoipanga muuzaji mwenyewe. Mtaro uliochimbwa na kukatwa sampuli kwa mfululizo ni bora zaidi. Uchorongaji wa RC, unaotoa unga wa mawe kwa upepo, ni wa haraka na nafuu, lakini ukikuta maji mengi sampuli huchanganyika, na dhahabu ya juu inaweza kuonekana kama iko chini. Uchorongaji wa almasi, unaokata kwa ncha yenye almasi na kutoa mwamba mzima wa mviringo, ndio unaoonyesha mshipa ulivyolala.

Pili, fanya hesabu ya neno "including", yaani "ikiwemo". Tangazo linasema: mita 30 zenye gramu 2.5 kwa tani, "including" mita 1 yenye gramu 70. Inavutia. Chukua kalamu. Mita 30 mara 2.5 ni 75. Mita 1 mara 70 ni 70. Zilizobaki ni 5, zigawe kwa mita 29 zilizobaki: gramu 0.17. Yaani umeoneshwa mita moja yenye dhahabu na mita 29 za mawe matupu, zikapakwa rangi moja. Hesabu hii ni ya dakika moja, na ifanye kwa kila tangazo bila ya kumwonea haya aliyekuletea. Mshipa mwembamba wenye gramu 70 si kitu kibaya, ila huchimbwa chini ya ardhi kwa gharama kubwa, na si ule mwili mpana wa mbale (mwamba wenye dhahabu) unaofikirishwa na namba ya mita 30.

Tatu, urefu si unene. Shimo likiufuata mshipa badala ya kuukata, unaweza kuchoronga mita 20 ndani ya mshipa wa mita 4. Likiukata kwa pembe ya nyuzi 30, mita 20 zilizotangazwa ni mita 10 za unene halisi. Tafuta sentensi ya unene wa kweli chini ya jedwali. Wakisema haujulikani bado, kwa mashimo ya mwanzo ni jawabu la haki. Wakisema hivyo baada ya mashimo 60, hawataki ujue.

Nne, hesabu namba za mashimo. Tangazo lina shimo la 1, la 3, la 4 na la 8. La 2, la 5, la 6 na la 7 yako wapi? Pengine majibu ya maabara hayajarudi, na watasema hivyo. Kampuni njema hutoa jedwali lenye mashimo yote, pamoja na yaliyotoka patupu, na ramani inayoonyesha yamesimama wapi. Mashimo mazuri manne yaliyobanana ndani ya mita 40 ni kitu kimoja. Manne yaliyotawanyika kwa mita 400 na yote yakakuta dhahabu ni habari tafauti kabisa.

Tano, kina. Gramu 1 kwa tani karibu na uso, kwenye mwamba uliolainika kwa hali ya hewa, inaweza kuwa mgodi wa shimo la wazi. Gramu 1.2 ikianzia mita 400 chini ni habari ya kisayansi tu, kwani uchimbaji wa chini ya ardhi kwa kawaida unataka gramu 3 au zaidi, na mshipa wenye upana wa kutosha kupitisha mashine.

Sita, maabara. Tangazo liseme sampuli zilipelekwa wapi, njia gani ya uchambuzi (ya kuyeyusha kwa moto sampuli ya gramu 30 au 50 ndiyo ya kawaida), na kama kwenye kila fungu kuliingizwa sampuli za majaribio: za kiwango kinachojulikana, tupu zisizo na dhahabu, na za kurudia. Moja ya kila aina kwa kila sampuli 20 hivi ni utaratibu mzuri. Pale dhahabu inapokuwa ya punje kubwa, gramu 50 zinaweza kuiruka punje au kuibeba kwa bahati, na matokeo ya shimo moja hayarudiki. Hapo kampuni makini huchambua sampuli kubwa zaidi iliyochekechwa, na husema hivyo.

Hayo yote yana asili. Bre-X ya Calgary ilitangaza kuwa Busang, Kalimantan ya Indonesia, kuna wakia zaidi ya milioni 70. Mwaka 1997 kampuni ya Freeport-McMoRan ikachoronga mashimo yake pembeni ya yale ya Bre-X na haikukuta dhahabu ya maana. Ikabainika kuwa sampuli zilitiwa dhahabu ya nje, punje zake za mviringo kama za mtoni. Dalili ilikuwapo tangu mwanzo: Bre-X ilikuwa inasaga mwamba wote uliotoka shimoni, wakati desturi ni kuupasua kwa urefu, nusu iende maabara na nusu ihifadhiwe kwenye sanduku kwa atakayetaka kurudia. Kanuni ya NI 43-101, iliyoanza 2001, ilizaliwa na fedheha hiyo. Ukisoma ripoti, tafuta sehemu ya uhakiki wa data: mtaalamu aliyesaini alifika eneo lenyewe? Alichukua sampuli zake? Zilitoa nini?

Saba, jikadirie ukubwa wa kitu chote, kwa kuwa soko hulipa kwa msisimko na mwili wa mbale hupimwa kwa tani. Zidisha urefu wa eneo lililothibitishwa, unene halisi, kina, na uzito wa mwamba ambao ni tani 2.7 hivi kwa mita ya ujazo. Mita 400 mara 8 mara 200 mara 2.7 ni tani milioni 1.73. Kwa gramu 2 kwa tani ni gramu milioni 3.46. Wakia ya dhahabu ni gramu 31.1, yaani tola mbili na theluthi mbili kwa mizani ya sonara, kwa hivyo gawa: wakia 111,000. Baada ya matangazo sita ya shangwe, hapo ndipo kitu kilipo. Mnunuzi mkubwa hainuki kitini kwa wakia laki moja. Bado kinaweza kukua, lakini sasa unajua kinahitaji kukua mara ngapi.

Hatua ya 6: Rasilimali, akiba na tabia ya dhahabu yenyewe

Ripoti ikishatoa wakia, usizijumlishe tu. Kuna madaraja. La chini ni inferred, makisio ya mashimo yaliyo mbali mbali. Juu yake indicated, halafu measured. Haya yote ni rasilimali: kitu kipo. Akiba ni ile sehemu iliyothibitishwa kuchimbika kwa faida, nayo haiwezi kutangazwa bila ya angalau upembuzi yakinifu wa awali (utafiti wa kama mgodi utalipa) uliokamilika. Kampuni yenye wakia milioni 1, zote inferred, ina makisio ya milioni 1. Na ule uchambuzi wa mwanzo wa kiuchumi, unaofupishwa PEA, unaruhusiwa kutumia makisio hayo. Ndiyo maana faida zake mara nyingi hupendeza kuliko za upembuzi unaofuata.

Kisha fungua sehemu ya majaribio ya uchenjuaji, yaani kuitoa dhahabu kwenye mwamba. Dhahabu huru iliyo kwenye mwamba uliooza hutoka kwa sianidi kirahisi, asilimia 90 na zaidi. Dhahabu iliyofungwa ndani ya madini ya salfaidi, khasa yenye aseniki, inaweza kutoa nusu tu mpaka mwamba uchomwe au upikwe kwa shinikizo, na mtambo wa kazi hiyo ni ghali. Watanzania wanajua upande mwengine wa jambo hili kwa jina la makinikia: migodi ya Bulyanhulu na Buzwagi ilipata dhahabu pamoja na shaba kwenye mchanga uliosafirishwa nje kuyeyushwa, na zuio la Serikali la kuusafirisha, la Machi 2017, likayakwamisha makontena bandarini Dar es Salaam. Mradi unaotegemea kusafirisha makinikia una hatari ambayo mradi unaomwaga tofali la dhahabu palepale hauna.

Hatua ya 7: Leseni na nchi

Kwa mradi wa Tanzania Bara, hakiki leseni kwa namba yake kwenye ramani ya leseni ya Tume ya Madini. Angalia jina la mmiliki, tarehe ya kumalizika, na kama ndani au kandoni kuna leseni ndogo za uchimbaji, ambazo ni za Watanzania. Eneo lililojaa maduara ya wachimbaji wadogo ni ishara nzuri ya dhahabu na ishara mbaya ya mgogoro, kwa pamoja. Leseni ya utafutaji ina kipindi cha kwanza kisichozidi miaka 4, kisha huhuishwa, na kampuni isiyofanya kazi hujiweka pabaya.

Toa na mafungu ya wengine. Mradi ukifika kuwa mgodi, Serikali huchukua si chini ya asilimia 16 bila ya kulipia na fungu hilo halipungui. Mrabaha wa dhahabu ni asilimia 6, na ada ya ukaguzi asilimia 1. Angalia kama kuna mbia: Buckreef, kwa mfano, ni ubia wa TRX Gold yenye asilimia 55 na STAMICO, shirika la madini la Serikali, yenye 45, kwa hivyo mwenye hisa wa TRX akiona wakia za Buckreef azisome kwa asilimia hiyo. Na angalia kama kuna mrabaha wa faragha uliouzwa zamani kwa aliyekuwa na leseni. Hujificha kwenye sehemu ya 4 ya ripoti ya kiufundi.

Sheria ikigeuka, kampuni changa ndiyo huanguka kwanza. Mabadiliko ya 2017 na kanuni za 2018 yalifuta leseni za kuhodhi eneo, na Winshear Gold ikapoteza mradi wake wa SMP kwenye eneo la Lupa. Ilifungua shauri la kimataifa, likamalizwa kwa makubaliano ya dola milioni 30 mwaka 2023. Kwa miaka yote hiyo mwenye hisa alikuwa na kesi mkononi, mgodi hana.

Hatua ya 8: Bei ya wakia moja

Turudi kwenye kampuni ya mfano. Thamani sokoni milioni 21.6, toa pesa taslimu milioni 2.4, inabaki 19.2. Ripoti ina wakia 800,000, kampuni inamiliki asilimia 70, sawa na 560,000. Unalipa dola 34 kwa kila wakia iliyo ardhini. Namba hiyo peke yake haisemi kitu. Ilinganishe na kampuni nne au tano zilizo kwenye hatua ile ile, daraja lile lile la rasilimali, na nchi ya hatari inayokaribiana. Ikiwa rahisi kuliko zote, tafuta sababu kwanza. Mara nyingi iko hatua ya 6 au ya 7.

Kama kuna upembuzi, usichukue thamani iliyoandikwa kwa herufi nene. Nenda kwenye jedwali la bei tafauti za dhahabu na usome safu yenye bei iliyo chini ya ya leo kwa robo. Dhahabu ilivuka dola 4,000 kwa wakia Oktoba 2025, na kwa bei hizo miradi mingi dhaifu inapendeza kwenye karatasi. Tazama na gharama ya ujenzi: kampuni ya milioni 20 inayohitaji milioni 250 kujenga mgodi haitaujenga bila ya kuzalisha bahari ya hisa mpya. Njia yake ya kheri ni kununuliwa. Ndivyo ilivyokuwa Nyanzaga, Mwanza: OreCorp ya Australia iliufikisha mradi kwenye leseni kubwa ya uchimbaji, Silvercorp na Perseus wakaugombania, na Perseus ikaichukua kampuni 2024.

Pierre Lassonde, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya mirabaha ya dhahabu ya Franco-Nevada, aliuchora mwenendo wa bei ambao hujirudia: hupanda kwa ugunduzi, hushuka kwa miaka wakati wa upembuzi na vibali ambapo hakuna habari za kusisimua, kisha hupanda tena mgodi unapojengwa. Mgeni kwa kawaida hununua kwenye kilele cha kwanza. Mwenye subira huanza kutazama kwenye bonde.

Kwa anayejali uhalali wa kisharia, na kwetu ni wengi, kigezo cha AAOIFI, taasisi inayoweka viwango vya fedha za Kiislamu, ni kuwa mikopo ya riba na amana za riba kila moja isizidi asilimia 30 ya thamani ya kampuni sokoni, na mapato yasiyofaa yasizidi asilimia 5 ya mapato yote. Kampuni changa mara nyingi haina mkopo, ila pesa zake hukaa kwenye akaunti ya riba na pengine hiyo riba ndiyo mapato yake pekee. Mpelekee mwanachuoni mizania yenyewe, sio jina la kampuni tu.

Hatua ya 9: Kununua, na kutoka

Tazama pengo la bei. Mnunuzi anatoa senti 11, muuzaji anataka 12.5. Ukinunua na kuuza dakika hiyo hiyo umepoteza asilimia 12. Weka oda yenye bei uliyoitaja mwenyewe, kamwe usiweke ya bei yoyote itakayopatikana, na usinunue asubuhi ya tangazo. Kama mauzo ya siku ni dola 8,000, wewe mwenye hisa za dola 10,000 huna soko la kuuzia siku ya tabu; punguza.

Gawa pesa uliyoitenga mafungu matatu: moja ukishamaliza ukaguzi, la pili baada ya kampuni kumaliza kuchangisha, la tatu baada ya matokeo yanayothibitisha uliyoyatarajia. Kwa kampuni za Kanada, Novemba na Disemba bei nyingi hulegea kwa sababu watu huuza zilizowatia hasara ili kupunguza kodi. Australia ni Juni.

Siku unayonunua andika kwenye karatasi yatakayokutoa, kila moja kwa namba: pesa kubaki chini ya miezi mitatu bila ya mpango uliotangazwa, mashimo matatu ya kupanua eneo kutoka patupu, uchenjuaji kushindwa kufika asilimia 80, leseni kupita tarehe bila ya kuhuishwa, au mwanajiolojia mkuu kujiuzulu bila ya maelezo. Bei kushuka peke yake usiiweke kwenye orodha hiyo. Bei kupanda mara mbili iweke: uza nusu, urudishe ulichotoa.

Kisha weka ukumbusho kwenye simu kwa tarehe ya taarifa ya fedha inayofuata, uifungue SEDAR+ siku hiyo, na uanze tena kwenye hatua ya 2.